Maiki ya mwalimu, spika ya darasani au shimesikio la upande wa pili: kipi kianze kwa mtoto mwenye kifaa cha koklea?

MamaBinti_Temeke
Wazazi wenzangu, habari za leo. Naomba mawazo ya waliopita njia hii.

Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Alipandikizwa kifaa cha koklea (kile kinachopeleka sauti kwa umeme hadi kwenye mshipa wa kusikia) sikio la kulia akiwa na miaka 3. Nyumbani kukiwa kimya namwita kutoka jikoni anaitika, anasimulia, anabishana na kaka yake mpaka nawatenganisha. Shuleni mambo ni mengine kabisa. Darasa lina watoto 68, paa la mabati halina dari, na madirisha yanaangalia barabara ya daladala.

Mwezi uliopita nilienda kumchukua mvua inanyesha. Nikachungulia dirishani. Ile sumaku inayoshika sehemu ya nje ya kifaa ameitoa kichwani, ameifumbata kiganjani, ananakili kwenye daftari la jirani yake. Njiani nikamuuliza, akaniambia, "Mama, kelele zinaingia zote." Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Akiba yangu inatosha kitu kimoja mwaka huu. Nimeambiwa kuna maiki isiyo na waya anayovaa mwalimu, sauti inaingia moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Kuna spika za darasani. Na sikio la kushoto, ambalo bado linasikia sauti nzito kidogo, linaweza kuvaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti. Wengine wananiambia nirudi tu kliniki waweke programu ya kelele, yaani mpangilio wa kifaa wa kupunguza kelele. Nianze na kipi?

BabaMapacha_Moshi
Pole sana dada. Mimi nimepita hapo na wanangu wote wawili. Maiki, bila kusita.

Tulianza na programu ya kelele kwa sababu haina gharama. Ilisaidia mezani nyumbani, maana aliyekuwa anaongea alikuwa mbele yake. Darasani haikufika mbali. Programu nyingi za namna hiyo zinaelekeza usikivu mbele ya uso, na mtoto wa darasa la pili uso wake uko kwenye daftari. Mwalimu akizunguka nyuma, programu inamhesabu kuwa kelele.

Maiki tulipoipata, wiki ya kwanza mwanangu alirudi nyumbani akanieleza hadithi nzima aliyosimulia mwalimu. Hadithi nzima, na jina la sungura. Miaka miwili nyuma alikuwa anarudi na vipande.

Usikivu_Kliniki
Nafanya kazi na watoto hawa, naongezea sababu.

Sikio lenye afya lina seli za ndani za kupokea sauti zipatazo 3,500. Kifaa cha koklea kinafanya kazi hiyo kwa elektrodi (ncha ndogo za umeme) 12 hadi 22, kutegemea kampuni. Kukiwa kimya zinatosha, ubongo wa mtoto unajaza mapengo. Sauti kumi zikiingia pamoja, kazi ya kuichomoa sauti ya mwalimu katikati ya nyingine inakuwa nzito mno. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu kelele nayo inapanda. Ndiyo maana mtoto anaamua kuvua. Si utundu huo, amechoka.

Umbali nao unaumiza. Sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapokuwa mara mbili. Mwalimu anayesikika vizuri kwa mita 1, ukikaa mita 4 umepoteza desibeli 12. Kelele za darasa hazipungui hivyo, zimekuzunguka pande zote. Watoto wenye matatizo ya kusikia tunawatakia sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15. Kwenye darasa kama hilo, kitu pekee kinachokaribia hapo ni maiki iliyo shibiri moja kutoka mdomoni mwa mwalimu.

Kwa hiyo namuunga mkono Baba Mapacha, ila kabla hujatoa hata senti angalia vifuniko vya maiki kwenye kifaa chenyewe. Vumbi na unyevu wa pwani huviziba polepole, na mtoto huanza kupotea kwenye kelele kabla hajapotea kwenye ukimya. Ukiwa nyuma yake asikuone, mtamkie kila asubuhi a, i, u, m, s, sh, arudie. Akianza kukosa s na sh, kifaa kwanza.

UmmuYusra_Mombasa
Assalaam aleikum. Mimi natoa ushuhuda wa spika. Shuleni kwa mwanangu wazazi tulichanga, zikafungwa mbili ukutani. Mwalimu alipona koo, na watoto wengine wakasikia vizuri zaidi, hasa wale wenye mafua na masikio yanayotoka usaha. Hilo sitalikana. Lakini mwanangu mwenye koklea hakupata nafuu niliyoitarajia. Chumba kina kuta za saruji tupu na sakafu ya saruji, maneno yanagonga na kurudi yakiwa yamelaliana. Spika ikaukuza mwangwi pamoja na mwalimu.

Tulichofanya baadaye ndicho kilichosaidia: mapazia mazito, mikeka upande anaokaa, na miguu ya viti tukaivalisha vipande vya mpira wa ndara. Makelele ya viti yalikatika siku ile ile. Msidanganywe na trei za mayai ukutani, hazinyonyi sauti ya maana na zinashika moto haraka.

Mwl_DarasaLaPili
Nasema kama mwalimu niliyevaa maiki hiyo mwaka wa tatu sasa. Inafanya kazi, lakini mwalimu asipofundishwa inageuka mzigo. Niliwahi kutoka nayo hadi ofisini nikiongea na wenzangu, mtoto kule darasani anasikiliza mazungumzo yetu na kazi yake imesimama. Aliniambia yeye mwenyewe. Tangu hapo kuizima nikitoka ni kama kufunga mlango.

Mtandio ukisugua maiki, mtoto anasikia mchakacho tu; ibane juu ya nguo, isiwe chini yake. Na mtoto mwingine anapojibu swali, ama nimpe maiki ama nirudie jibu lake. Bila hivyo binti yako atamsikia mwalimu peke yake, na nusu ya somo hutoka kwa wenzake.

Kiti pia. Usikubali tu "mbele". Mwombe akae mbele kidogo pembeni, sikio lenye kifaa liangalie darasa na mwalimu, lile la kushoto liangalie ukuta. Mbele katikati kabisa atakuwa anageuka shingo kila mwenzake anapoongea.

NjeriWaKasarani
Mimi niwatetee walio na sikio la pili. Mtoto wangu ana koklea upande mmoja na shimesikio upande mwingine. Lile shimesikio likiwa peke yake karibu haelewi neno, lakini likiwa pamoja na koklea linampa uzito wa sauti: anajua huyu ni baba, yule ni mjomba, na kwenye kelele anamfuata mmoja. Mama Binti, umesema kushoto kunasikia sauti nzito. Hilo lisikae bure. Maiki inamsaidia saa za somo, shimesikio liko naye kwenye matatu, kanisani, uwanjani.

Usikivu_Kliniki
Njeri ana hoja nzito. Sikio lisilopewa sauti kwa miaka hupoteza nafasi yake. Kwa mtoto huyu bado ningeanza na maiki kwa sababu shule ndiyo inayomwangusha sasa hivi, lakini kipimo cha sikio la kushoto kifanyike mwaka huu huu, usisubiri akiba ya pili. Baadhi ya kliniki zina mashimesikio ya kujaribishia.

Kuhusu maiki, usinunue ya jirani kwa sababu ni rahisi. Kampuni ya Cochlear wana Mini Microphone 2+, kampuni ya MED-EL wana AudioLink, na maiki ya Roger ya kampuni ya Phonak huunganishwa na vifaa vya kampuni kadhaa ikiwa na kipokezi kinachofaa. Nenda na modeli ya kifaa cha mtoto imeandikwa. Na usiruhusu maiki za kifaa chenyewe zizimwe kabisa. Mtaalamu aweke mchanganyiko ili amsikie na jirani yake.

BibiMsomaji_Tanga
Wanangu, mimi namlea mjukuu. Tulichogundua nyumbani ni kwamba kelele zinamlia mwanzo wa neno. Kiswahili chetu mkazo uko karibu na mwisho, na mwanzoni ndipo tunapoweka nani kafanya na lini. Nikimwambia "hajala" redio ikiwa juu, yeye anashika "-la". Anapika, unapika, wanapika, kwake zote ni moja.

Basi jioni tunacheza. Redio chini kabisa, nasema "amekuja" au "hajaja," yeye anaonyesha picha. Akipata mara nyingi napandisha redio kidogo. Akikosa narudisha chini, simkemei. Dakika kumi, halafu kifaa kinapumzika na yeye anapumzika. Sasa sokoni ananiuliza, "Bibi, umesema nani?" Zamani alikuwa anaitikia tu kwa kichwa.

MamaBinti_Temeke
Nimesoma kila neno, Mungu awabariki. Leo asubuhi nimefanya zile sauti sita nyuma ya mgongo wake. Amekosa s mara mbili. Nimefungua kifuniko cha maiki ya kifaa, kina ukoko wa vumbi ambao sikuwahi kuuona. Nimebadilisha, s imerudi.

Shikamoo Bibi, mchezo wa "hajaja" tumeuanza jana, na kaka yake ndiye anayeshika redio.

Jumatatu naenda kuzungumza na mwalimu wake kuhusu kiti, na nimeomba nafasi ya kupima sikio la kushoto. Maiki nitaichukua nikishaandikiwa modeli. Mwl, ukiwa na muda naomba uniandikie hapa yale maelekezo ya kuvaa na kuzima, mafupi, niyachape kwenye karatasi moja nimpelekee mwenzako.

Mwl_DarasaLaPili
Nayaandika usiku huu, ukiamka utayakuta hapa.