Tupeane uzoefu: Ulimtumainije Mungu ulipoishiwa hata na maneno ya kuomba?

Mwalimu wa Mbale
Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja wa kwaya alinifuata nje akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyeokoka anaweza kufika mahali pa kushindwa kabisa kuomba. Nilinyamaza, kwa sababu swali lake lilinirudisha moja kwa moja katika mwaka 2020. Wote mnakumbuka kwamba hapa Uganda shule zilifungwa mwezi Machi mwaka ule kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Sisi tuliofundisha shule za binafsi tulikula kutokana na karo ya wazazi, na karo ilipokatika, mshahara nao ulikatika. Makanisa pia yalikuwa yamefungwa, hata mtu hakuwa na mahali pa kwenda kulia.

Nilianza kufyatua matofali. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na mmoja, na sasa wanafunzi wangu wa zamani walinipita njiani nikiwa na tope hadi magotini. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha juu ya matofali mabichi yapata elfu mbili niliyokuwa nimeyafunika kwa nyasi, na asubuhi nilikuta yamelegea na kurudi kuwa udongo, alama za vidole vyangu zikionekana bado kwenye machache yaliyobaki. Nilipiga magoti palepale ili niombe, lakini kinywa hakikufunguka. Baada ya muda mrefu nilisema, "Bwana, unaona," nikainuka. Jioni ile jirani yetu alileta posho na maharagwe katika sufuria iliyofunikwa kwa sahani, akamwambia mke wangu kwamba kila usiku alikuwa akitutaja mbele za Mungu, mmoja mmoja kwa jina.

Naomba tupeane uzoefu, ndugu zangu: ulipofika hapo, imani yako ilikuwa na sura gani?

Dereva wa Malaba
Mwalimu, maneno hayo mawili, "Bwana, unaona," ndiyo yaliyokuwa maombi yangu yote kwa karibu mwaka mzima.

Mzee wa Soroti
Bwana asifiwe. Kwa heshima zote, mwalimu, mtu anayeshindwa kuomba amempa adui mlango. Ushauri wangu ni mfungo wa siku tatu bila kukosa, tena uufanye mlimani, mbali na watu, na kinywa kitafunguka.

Binti wa Kambi
Mzee wangu, naomba nitofautiane nawe kwa adabu. Nimelelewa katika kambi ya jeshi, na baba alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Somalia. Simu isipolia kwa wiki mbili, mama hakufunga wala hakupanda mlima. Aliwasha sigiri, akapika, akatulazimisha sote kula, naye akala pamoja nasi. Nilipokua nikasoma habari za Elia chini ya mretemu, akiomba afe, niliona kwamba malaika hakumkemea bali alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Kuna wakati wa kufunga, lakini mtu aliyevunjika namwomba ale kwanza.

Mama wa Nakivale
Amani iwe kwenu. Nimesoma habari ya matofali, nikaona siwezi kulala kabla sijaandika.

Mimi ni wa upande wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Mnamo Juni 2022, wakati mji wa mpakani wa Bunagana ulipochukuliwa na waasi wa M23, tulivuka mpaka kuingia Kisoro, Uganda, pamoja na umati ambao sikuuona mwisho wake. Nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mvulana wa miaka tisa aliyekuwa amebeba sufuria kichwani na kutembea mbele yangu. Mume wangu alikuwa amebaki nyuma kuitafuta mbuzi, akisema angetufikia kabla ya mpakani. Milio ya risasi ilipoanza upya watu walikimbia, na nilipoinua macho sikuiona tena ile sufuria.

Tulipelekwa Nyakabande, kituo cha kupokelea wakimbizi. Usiku kule kuna baridi inayotoka milimani, na ardhi imejaa mawe meusi ya volkano. Nilikaa juu ya jiwe moja siku tatu, nikitazama kila gari lililoshusha watu. Wanawake wa kanisa letu waliokuwa wamevuka pia walikuja wakakaa chini kunizunguka, wakaimba, wakaomba, wakalia. Mimi sikuimba. Mmoja aliniuliza kama bado ninaamini, nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi wewe kaa tu, sisi tutaamini kwa niaba yako." Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonishika kama hayo.

Siku ya nne mvulana alishuka kutoka kwenye lori akiwa na wazee asiowajua, na sufuria bado ameishika. Nilimpiga kofi, kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namwumiza.

Sasa nisikilizeni. Makanisani huniita nitoe ushuhuda wa mtoto aliyepatikana, na watu hupiga makofi. Ninapoongeza kwamba baba yake hajapatikana mpaka leo, makofi hukoma, na mwongozaji hutazama saa yake. Lakini Mungu niliyemwita juu ya lile jiwe ni mmoja, na siwezi kumshukuru kwa nusu ya habari nikaificha nusu nyingine kana kwamba namwonea aibu.

Dereva wa Malaba
Mama, nimeegesha gari pembeni ya barabara. Pole sana. Je, mvulana yuko shuleni sasa?

Mama wa Nakivale
Yuko, ndugu yangu, na anapenda hesabu.

Mzee wa Soroti
Pole, mama yangu. Usikate tamaa hata kidogo. Pengine kanisa likiongeza bidii katika kufunga na kukesha, huyo baba naye atarudi.

Binti wa Kambi
Mzee, sentensi hiyo inamtwisha mama mzigo wa pili. Maana yake ni kwamba mumewe amepotea kwa sababu watu hawakukesha vya kutosha. Danieli aliandika habari za vijana watatu waliosema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Hawakuwa wamepungukiwa na mfungo.

Mzee wa Soroti
Sikukusudia hivyo, binti yangu. Mama, nisamehe. Lakini nami sikubali imani igeuzwe kuwa kukaa tu na kungoja.

Baba wa Lira
Ngojeni niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mwanangu wa pili ana ugonjwa wa seli mundu, ule wa damu wa kurithi. Katika mkutano mmoja wa maombi mhubiri alituambia kwamba kuendelea na dawa ni kumwambia Mungu kuwa hatumwamini, na kwamba ugonjwa ule ni laana ya ukoo. Nilizitupa dawa. Wiki ya saba mtoto alishikwa na maumivu ya mifupa usiku wa mvua, akalia hadi sauti ikapotea, na nikambeba kwenye boda boda nikiwa najua moyoni kwamba ni mimi niliyemfikisha pale. Alipona baada ya kuongezewa damu. Ila tangu siku ile kila ninapofungua kinywa kuomba, ninaona uso wake.

Muuguzi wa Jinja
Baba, hapana laana hapo. Wazazi wawili wenye afya, kila mmoja akiwa amebeba chembe moja ya urithi huo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa. Mpe dawa zake kila siku, mpe maji mengi, mkinge na baridi na malaria, na umwombee huku ukimmiminia hayo maji. Isaya alimtangazia Hezekia uponyaji kwa neno la Bwana, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, wala hatusomi popote kwamba alimlaumu kwa upungufu wa imani.

Mzee wa Soroti
Katika hili la dawa nakubaliana na muuguzi kabisa, na huyo mhubiri alikosea.

Mwalimu wa Mbale
Baba wa Lira, nimekumbuka yule aliyepooza wa Kapernaumu. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale waliombeba. Kama wewe huwezi kuomba, usijilazimishe leo.

Mama wa Nakivale
Kikundi chetu cha akina mama hukutana kesho saa kumi jioni chini ya turubai la kanisa. Baba, tuandikie jina la mtoto. Wewe kaa tu.

Baba wa Lira
Nimelituma kwako faraghani, mama. Nimeongeza na jina langu.