Rupia ya Mjerumani: niisugue au niiache?

Mjukuu wa Isevya: Wakuu, shikamoni. Bibi kaniachia kopo la maziwa, ndani mna vifungo, sindano ya shuka na rupia moja nyeusi tii. Mzungu kavaa kofia ya chuma, nyuma 1905 na herufi J. Sonara hapa Tabora anaitaka kwa bei ya gramu. Nikiisugua kwa majivu na ndimu itapanda bei?

Babu Heller: Marahaba. Weka ndimu chini, mjukuu! Weusi huo ndio umri wake. Ukisugua, wakusanyaji wanaikimbia. Huyo ni Kaiser Wilhelm II, na J ni alama ya kiwanda cha Hamburg kilichoifua. Za Berlin zina A. Ipime: gramu 11.66 hivi, na sumaku isiivute. Ina tundu? Wengi walizitoboa wakavaa shingoni.

Mjukuu wa Isevya: Haina. Gramu 11.5, mizani ya sonara huyohuyo, sijui kama naye ni wa kuaminika.

Babu Heller: Imelika kidogo tu. Angalia vizuri humo koponi: ukikuta heller 20 (sarafu ndogo ya Mjerumani) ya 1916 yenye T, hiyo si ya madini ya fedha kama rupia yako, ila ilifuliwa hapahapa Tabora wakati wa vita. Hiyo nitafute kwanza mimi.