Haiti baada ya Azimio 2793: polisi wa Kenya wabaki, warudi, au wabadilishiwe kazi?

Ndugu wachangiaji, tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2793, lililokigeuza kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Kenya nchini Haiti kuwa kikosi kipya cha kupambana na magenge, chenye askari hadi 5,500. Ugomvi wetu wa tangu 2023, kama tulipaswa kwenda ama la, umepitwa na wakati. Kilichobaki ni kuamua kama maafisa wetu waingie katika kikosi hicho, warudi wote, au wapewe kazi ya namna nyingine. Naweka msimamo wangu mapema ili mwenye kuupinga aupinge: watoke kwenye mapambano ya mitaani, wabaki wakufunzi wachache wa kuwafundisha polisi wa Haiti, tena kwa mkataba uliojadiliwa Bungeni kabla ya ndege kuruka.

Wanaotaka tubaki wana hoja isiyofaa kubezwa. Wanasema kilichotukwamisha ni ufukara wa operesheni, si udhaifu wa maafisa, kwa kuwa Azimio 2699 la Oktoba 2023 lilitoa idhini bila kutoa fedha, likategemea michango ya hiari. Walitarajiwa askari 2,500, hawakufika hata nusu, na wengi wa waliofika walikuwa Wakenya. Sasa Umoja wa Mataifa unaanzisha ofisi ya kugharimia mahitaji ya kikosi kama usafiri na matibabu, hivyo, kwa maoni yao, kuondoka leo ni kumwachia mwingine shamba tulilolifyeka sisi. Hapo nakubali nusu tu. Ofisi hiyo itasaidia kweli, lakini gharama za askari wenyewe zimeachiwa michango ya hiari kama awali, na waliopiga kura New York si wao watakaopanda magari ya kikosi hicho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nasema magari kwa sababu. Tarehe 31 Agosti 2025, kwenye barabara ya mlimani kati ya Pétion-Ville na Kenscoff, gari la deraya lililokuwa likikokota jingine lililoharibika lilipata ajali, ofisa wa Kenya akafa na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Ofisa huyo hakuuawa na risasi ya genge. Alikufa katika kazi ya kuokoa chombo kibovu, na mtu anayetaka kujua hali halisi ya operesheni ile aanzie hapo kabla ya kusoma hotuba yoyote. Mwenzake mmoja alikuwa ameuawa Februari katika mkoa wa Artibonite, huko huko Haiti. Mwingine alitoweka Machi katika eneo hilo hilo baada ya shambulio, na wakati upande wa Haiti ukisema ameuawa, serikali yetu iliendelea kusema hajulikani aliko. Sisi tuliokwisha kuona ya El Adde, kambi ya jeshi letu iliyoshambuliwa nchini Somalia, Januari 2016, ambako hadi leo idadi rasmi ya wanajeshi waliouawa haijatangazwa, tunaijua kauli ya namna hiyo na tunajua familia huachwa wapi.

Kuhusu sheria, nisirefushe. Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa la hapa Kenya lina mamlaka ya kutuma wanajeshi nje, si polisi, na kwamba polisi huenda tu katika nchi yenye makubaliano ya kusaidiana nasi. Tarehe 1 Machi makubaliano hayo kati ya Kenya na Haiti yakatiwa saini Nairobi mbele ya Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry. Siku hizo hizo magenge yalivunja magereza ya Port-au-Prince, wafungwa maelfu wakatoroka, na Henry hakuweza tena kurudi kwao akiwa kiongozi. Mwezi uliofuata alijiuzulu. Msingi wa kisheria wa safari yetu, kwa hiyo, ulikuwa saini ya mtu asiyeweza kutua katika uwanja wake mwenyewe wa ndege.

Upande wa pili wako wanaotaka warudi wote kesho, nao hukumbusha kwamba kundi la kwanza lilitua Haiti tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile polisi walipowapiga risasi vijana nje ya Bunge la Nairobi. Uchungu huo ni wangu pia. Ila hoja yao inahukumu polisi wetu kuliko inavyoitazama Haiti, nchi ambayo katikati ya 2025 ilikuwa na watu wapatao milioni 1.3 waliohama makwao kwa sababu ya magenge, na ambayo inawajua wageni wenye bunduki vizuri mno: Wamarekani waliikalia 1915 hadi 1934, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliingiza kipindupindu mwaka 2010, kikaua karibu watu 10,000. Wahaiti wana sababu ya kumwamini zaidi polisi wao, anayezungumza Krioli na kujua kichochoro gani hutokea wapi, kuliko ofisa wetu anayemhitaji mkalimani ili aulize njia.

Anayetaka tuingie katika kikosi kipya anijibu mambo mawili: nani atalipa fidia ya ofisa atakayeuawa iwapo michango itakauka, na ni siku ngapi serikali itapewa kabla ya kulazimika kuiambia familia yake ukweli.