Kadi inaisha Novemba, ukazi wa kudumu wananiambia "bado". Wa Ujerumani naomba mnisaidie hesabu

BintiKibosho

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Najua nyuzi za namna hii zimeshafunguliwa nyingi, ila zote nilizosoma ni za watu wa kompyuta wenye Blue Card, kile kibali cha wasomi wa mishahara mikubwa. Sisi wa kugeuza wazee vitandani hatuzungumzwi.

Nilikuja huku Hessen 2019 kama au pair, nikalea mapacha wa watu mwaka mzima. Septemba 2020 nikaanza Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi, Agosti 2023 nikamaliza, na tarehe 1 Septemba 2023 nikaanza kazi nyumba ya wazee. Niko hapo hapo mpaka leo na mkataba sasa ni wa kudumu.

Nikasikia kwamba aliyesomea huku huku anaweza kuomba ukazi wa kudumu, hii Niederlassungserlaubnis, baada ya miaka miwili. Nikahesabu: Septemba 2023 mpaka Septemba 2025, imetimia. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikabeba faili langu, nikaenda ofisi ya wageni. Mama wa dirishani aliangalia kadi yangu sekunde tano. Faili hakuligusa. Akasema "noch nicht", bado. Nikamuuliza, bado mpaka lini? Akanionyesha kidole kwenye ile mashine ya namba, yaani nikajipange upya. Nilitoka pale nimeshika faili la kilo mbili kama muuza vitabu aliyekosa mteja.

Sasa kila mtu ana lake. Mghana ninayefanya naye zamu ya usiku anaapa ni miaka mitano, ndivyo alivyopata yeye. Binamu yangu wa Stuttgart anasema mitatu. Mimi nilisoma miwili. Nani mkweli?

Na kinachoninyima usingizi ni hiki: kadi inaisha tarehe 19 Novemba. Barua pepe nimetuma tatu, jibu ni lile la mashine kwamba wamepokea. Miadi ya karibu kwenye tovuti yao ni Januari. Na mimi tiketi ya KIA nimeshakata, naondoka tarehe 6 Desemba. Mama anafanyiwa upasuaji wa nyonga tarehe 10 na wa kike ni mimi peke yangu. Nikitoka na kadi iliyokufa nitarudije?

Uraia msinishauri. Nikichukua wa kwao, wa Tanzania unaondoka. Marehemu baba aliniachia kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, mimi mtoto wa kike, na baba zangu wadogo hawajalimeza jambo hilo mpaka leo. Siwezi kuwapa sababu ya kuniita mgeni.

Kijana_wa_Mbagala

Dada usisafiri. Jamaa yangu alikwama Dar wiki saba na ile karatasi ya muda wanayotoa kadi ikiisha. Kwenye ndege walimkatalia, ikabidi aanze upya ubalozini kama mtu ambaye hajawahi kufika Ulaya. Ahirisha tiketi, tafuta wakili.

MamaWaTanga

Marahaba mwanangu. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na moja niko huku, na huo mlango wa "noch nicht" nimeshaugonga.

Wote watatu wanasema kweli. Mghana wako alipita njia ya kawaida, kifungu cha 9 cha sheria ya ukazi wa wageni: miaka mitano ya kibali, miezi 60 ya pensheni. Kwa njia hiyo miaka yako ya Ausbildung ingehesabiwa nusu tu, kwa hiyo huko hata usiende. Binamu anasema ile ya wataalamu waliosomea nje wakaja na vyeti vyao: ilikuwa miaka minne, toka Novemba 2023 ni mitatu. Wewe umesomea hapa, kwako ni miwili na miezi 24 ya pensheni, kifungu cha 18c. Pensheni haikusumbui, maana hata kwenye Ausbildung ulikuwa unakatwa.

Ulipokosea ni pale nilipokosea mimi. Toa kadi uisome. Acha picha, hakuna anayependeza kwenye ile picha. Angalia panapoandikwa kifungu, utaona 18a, kisha angalia ilitolewa lini. Miaka miwili inahesabiwa toka uliposhika kibali hicho cha muuguzi aliyehitimu. Siku ya kuanza kazi au ya mshahara wa kwanza haihusiki. Mimi kadi yangu ilichelewa wiki kumi baada ya mtihani, nikaenda mapema wiki kumi, nikarudishwa kama wewe. Yule mama wa dirishani alikuwa sahihi, ila hakuwa na sekunde ya sita ya kukueleza.

Andika hapa tarehe ya kadi yako nikuelekeze.

BintiKibosho

Mama, imeandikwa 20 Novemba 2023! Sikuwahi kuiangalia, naangalia ya kuisha tu. Kwa hiyo miaka miwili inatimia siku ile ile kadi inapokufa?

MamaWaTanga

Ndiyo, na usiogope, hiyo ni bahati ingawa haionekani kama bahati.

Achana na barua pepe. Wiki hii andika barua ya karatasi, nusu ukurasa tu. Ombi la kwanza: naomba ukazi wa kudumu kwa kifungu cha 18c. La pili: kama bado haijawezekana, naomba kibali changu cha 18a kiongezwe. Barua moja, maombi mawili. Weka sahihi, ambatisha nakala ya pasi na kadi, peleka posta kwa Einwurf-Einschreiben. Hapo mtu wa posta anaandika siku aliyoitumbukiza kwenye sanduku lao, na ile risiti nyembamba uitunze kama cheti cha ubatizo. Kitakachokuokoa ni ombi kufika kabla ya tarehe 19 Novemba. Likifika kabla, kibali chako kinaendelea kuhesabika ni hai mpaka waamue, hata wakikaa mwaka. Likifika tarehe 20 hiyo ni hadithi nyingine na sitaki kuisimulia.

Vitu vingine utaongeza baadaye: barua ya mwajiri kwamba uko kazini na hujapewa notisi, karatasi za mshahara, mkataba wa nyumba, uthibitisho wa bima ya afya, cheti cha lugha (B1 inatosha, wewe nadhani una B2), na orodha ya michango kutoka Deutsche Rentenversicherung, mfuko wa pensheni. Hiyo orodha ni bure, unaiomba mtandaoni, inakuja kwa posta. Usishtuke ukiona miezi ya mwaka huu haimo. Waajiri hupeleka taarifa ya mwaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ndiyo maana unabeba karatasi za mshahara.

Halafu mtihani wa Leben in Deutschland, ule wa maarifa ya maisha ya Ujerumani. Mimi nilibeba cheti cha Ausbildung nikidhani kinatosha, ofisi yangu ikakikataa, ikataka mtihani. Maswali 33, dakika 60. Kwa ukazi ukipata 15 umepita, wa uraia ndio wanataka 17, basi lenga 17 usije ukaurudia uzeeni. Euro 25, unafanyia Volkshochschule, chuo cha elimu ya watu wazima. Majibu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo jiandikishe leo. Ada ya ukazi wenyewe ni euro 113.

Sasa safari. Kijana wa Mbagala hajadanganya, ila kuna kitu jamaa yake hakukiangalia. Ile karatasi inaitwa Fiktionsbescheinigung, ya kukunja, ya kijanikijani. Ndani ukurasa wa 3 kuna visanduku vya kuweka alama. Kikiwekwa cha kifungu cha 81 aya ya 3, unakaa tu, ukitoka hurudi nayo. Kikiwekwa cha aya ya 4, unatoka na unarudi. Wewe kadi yako itakuwa hai utakapoomba, kwa hiyo chako ni cha aya ya 4. Kisome hapo hapo dirishani kabla hujainuka kwenye kiti. Mimi waliniwekea alama sipo, nikarudisha, akafuta akagonga muhuri upya bila hata samahani.

Kuipata bila miadi: nenda saa moja kasoro asubuhi ukiwa na risiti ya posta, tiketi, na barua ya hospitali ya mama iliyotafsiriwa. Usiseme "naomba ukazi". Sema unahitaji Fiktionsbescheinigung kwa safari ya dharura. Ni neno refu, lifanyie mazoezi njiani kwenye basi.

Wa_Nakuru

Pole dadangu, na mamako apone haraka. Naongeza mawili tu. Uwanjani KIA wakati wa kurudi, yule wa kuangalia tiketi huenda hajawahi kuiona hiyo karatasi maishani mwake. Toa pasi, kadi iliyoisha na karatasi, vyote pamoja, usiache kadi nyumbani ukidhani imekufa. Fika mapema, kwa sababu atapigia mtu simu.

La pili, ukishapata ukazi usijisahau Moshi. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita unapotea wenyewe, hakuna wa kukuandikia barua. Nina rafiki alienda kumuuguza babake, akarudi baada ya miezi minane, ikawa kesi. Kama unajua utakaa, omba kwa maandishi kabla ya kwenda wakuongezee muda. Ukitimiza miaka mitano kuna ule ukazi wa EU, huo unavumilia hadi miezi kumi na miwili nje ya nchi za EU.

Uraia nakuelewa. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilituruhusu kuwa na mbili, na Wajerumani nao wakafungua toka Juni 2024, kwa hiyo mimi ninazo zote. Nyinyi jirani zetu bado mko na hiyo shida.

Kijana_wa_Mbagala

Nimempigia jamaa. Ilikuwa aya ya 3. Kumbe aliomba siku nne baada ya kadi kuisha. Nimenyamaza.

BintiKibosho

Narudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu za usiku tano mfululizo.

Barua niliandika siku ile ile, Mama alisahau kuniambia tu kwamba posta ya kwetu hufungwa saa saba Jumatano. Nilikimbia. Risiti iko ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.

Leo alfajiri nilikwenda. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, baridi inauma masikio. Dirishani alikuwa yule yule mama wa "noch nicht". Nikatoa lile neno refu, nikaliweza lote bila kukata. Akaniangalia, akaangalia barua ya hospitali, akauliza mama yangu ana miaka mingapi. Nikasema sabini na mbili. Akasema wake ana sabini na tano, naye ana nyonga ya chuma. Akaondoka, akakaa kama dakika ishirini, nikajua ndio basi tena. Akarudi na karatasi ya kijani. Nikaifungua mbele yake ukurasa wa 3, nikaweka kidole: aya ya 4. Akacheka, akasema, "Nani amekufundisha?" Nikasema mama yangu mwingine.

Ombi la ukazi liko kwenye faili, atalishughulikia Januari, ila anataka cheti cha mtihani. Nimepata nafasi tarehe 29 Novemba. Maswali ya nchi nzima najifunza kwenye simu, zamu ya usiku ikitulia. Bibi mmoja wa chumba cha 14 asiyepata usingizi ananisomea, na nikikosea ananipiga kofi la mkono.

Ninachotafuta sasa ni mwenye yale kumi ya jimbo la Hessen, maana matatu kati yao lazima yaje. La bendera nimeshalijua, nyekundu na nyeupe. La mji mkuu nilisema Frankfurt, nikala kofi.