Mlioniambia "funga breki mpaka mwisho", mbuta wangu yuko wapi?

Wadau, salamu mtanisamehe leo. Mwezi uliopita niliuliza humu humu: nina rili mpya ya kuvulia, uzi wa kusuka wenye nguvu ya ratili 30, nataka mbuta (sangara) mkubwa, breki ya kuuzuia uzi usitoke ovyo niiweke wapi? Mkanijibu watu saba. Watano: funga mpaka mwisho, mbuta hana mchezo. Wa sita akaniwekea video ya Wamarekani wakipambana na samaki mkubwa aitwaye tarpon kule Florida. Wa saba alitaka tu kujua bei ya rili.

Bei ni shilingi 6,500, dukani hapa Kisumu mjini. Kasha limeandikwa "breki kilo 18" na muuzaji akaniapia hata kiboko atatoka.

Basi Jumamosi nikavuka na feri Luanda K'Otieno hadi Mbita, nikakodi boti ya mzee mmoja, tukawa tunakokota samaki wa plastiki upande wa Rusinga. Saa tatu asubuhi fimbo ikapinda. Krr, kimya. Krr, kimya. Breki inakwama, inajiachia, inakwama tena, kama matatu yenye klachi mbovu. Mzee kule nyuma anapiga kelele, "Legeza, kijana, legeza!" Mimi na ushauri wenu kichwani, nakaza. Mbuta akapanda juu, akapanua mdomo wa kumeza sufuria, akatikisa kichwa mara mbili. Pwaa! Uzi ukarudi mwepesi kama wa kishada. Samaki yuko ziwani na ndoano zangu mdomoni, na hilo ndilo linaniuma zaidi ya pesa.

Yule mzee hatumii rili. Anavua kwa mshipi wa mkono, kidole amekivisha kipande cha mpira wa tairi, samaki akikimbia anauachia uteleze. Alinionyesha kovu la kiganjani, la siku aliyokataa kuachia. Kisha akawasha injini.

Nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikapitisha uzi kwenye pete zote za fimbo, nikaufunga kwenye mizani ya kuning'iniza, nikavuta polepole. Kilo 11 ndipo breki ikashtuka, ikaporomoka hadi 5, ikapanda tena. Hizo 18 ziko kwenye kasha tu. Kuifungua rili, washa (visahani) za breki ni kavu kabisa, grisi hakuna.

Sasa hesabu ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja. Ratili 30 ni kilo 13 na nusu hivi. Breki huwekwa robo hadi theluthi ya hapo, yaani kati ya kilo 3 na nusu na 4 na nusu, tena kwa mizani, si kwa kukisia na kidole. Fundo limeshakula sehemu ya nguvu ya uzi, na uzi wa kusuka haunyumbuki, kila mtikiso unafika kwenye fundo mzima mzima. Halafu samaki akikimbia, uzi unapungua kwenye kigurudumu. Kipenyo cha mzingo wa uzi kikibaki nusu, breki ile ile ambayo hujaigusa inakuwa nzito mara mbili! Aliyeanza na mwisho ataenda wapi?

Na wewe wa Florida, uliitazama video yako kweli? Tarpon akiruka, wale jamaa wanainamisha fimbo kumwelekea ili uzi ulegee. Wewe uliona misuli tu. Mbele pia wanafunga lida, kipande cha uzi mnene karibu na ndoano, maana mdomo wa tarpon unasaga uzi kama msasa. Mbuta naye ana vifuniko vya matamvua vyenye makali. Nilipouliza habari ya lida mlisema "si lazima".

Jumatatu nilirudisha rili dukani. Jibu: "Ikishalowa hairudi, boss."

Mliosema funga mpaka mwisho, majina yenu ya humu ninayo. Jumamosi narudi Mbita na boti ina nafasi. Njooni na rili zenu, mizani naleta mimi.