Mjadala: Kama kanisa la kweli ni moja tu, kati ya bibi yangu wa Kilema na babu yangu wa Marangu nani kapotea?

Wakuu, tujadili kwa heshima. Jumamosi nilikuwa msibani, kihambani (kwenye shamba la ukoo), huku Moshi. Mhubiri akasimama mbele ya jeneza akasema aliye nje ya kanisa lake hana wokovu, hata awe mwema vipi. Nusu ya vijana waliolibeba lile jeneza ni wa dhehebu jingine. Niliona mmoja akiinamisha kichwa. Imeniuma mpaka leo.

Sisi Wachaga wengi hatukuchagua. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, Mangi (chifu) Fumba akawapokea, Kilema ikawa ya Wakatoliki. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walianzia Machame mwaka 1893, baadaye wakafika Marangu, huko wakawa Walutheri. Mangi alimkaribisha nani, ndilo kanisa la wajukuu. Bibi alitoka Kilema akaolewa Marangu, hapo jirani tu. Rozari yake ilining'inia msumari mmoja na cheti cha kipaimara cha babu, miaka yote ya ndoa yao.

Najua mtasema Mungu ndiye aliyekupangia uzaliwe penye kweli. Haya, na wa kilima cha pili alizaliwa ili apotee?

Wengine mtaleta mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa kale. Ni kweli, Askofu Cyprian wa Carthage, karne ya 3, alifundisha kuwa nje ya Kanisa hakuna wokovu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Florence mwaka 1442 ukakaza zaidi: hata anayemwaga damu kwa ajili ya Kristo haokoki akiwa nje ya Kanisa Katoliki. Lakini mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukawatambua waliobatizwa kwingine kuwa ndugu katika Bwana. Ndugu zangu Wakatoliki husema fundisho halikubadilika, limefafanuliwa. Mimi naona ni badiliko, na ni jema.

Sisemi madhehebu yote ni sawa. Mafundisho ya uongo yapo, tuyakemee. Ila soma Marko 9: Yohana alimzuia mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu kwa kuwa hakuwa wa kundi lao, na Yesu akamwambia wasimkataze.

Unayeshikilia kuwa ni kanisa lako pekee, njoo na andiko. Na uniambie, kati ya wale wawili waliolala kaburi kwa kaburi chini ya migomba, nimlilie yupi.