Kukagua ndege kabla ya kujenga nyumba: pointi, mistari au kusaka viota?

Kiwanja_Bunju
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mradi mdogo wa nyumba za kuuza huku Bunju, ekari 9. Juu kuna minazi mikongwe na miembe, chini ni kichaka na matete mpaka mtoni. Mshauri wetu wa tathmini ya athari kwa mazingira kaleta njia tatu za kukagua ndege. Ya kwanza ni siku mbili tu, Septemba hii: mtu anasimama kwenye pointi dakika kumi, anahesabu anaowaona na kuwasikia, anahamia pointi nyingine. Ya pili ni kutembea mstari kukatiza kiwanja, kiangazi mara moja na wakati wa mvua mara moja. Ya tatu ndiyo ghali: kusaka viota na kuvifuatilia kila baada ya siku 3 au 4 mpaka makinda yaruke.

Bosi anataka ya kwanza. Mimi nina mnazi mmoja pale ambao mnana wameuchana makuti mpaka zimebaki njiti tupu, na viota vinaning'inia kama mapambo ya harusi. Nachelea hizo siku mbili. Mnaojua, nisaidieni.

DadaDarubini
Septemba utahesabu nini, kaka? Kweche dume, yule mwekundu wa kwenye matete, akimaliza msimu huvua nguo zake na kubaki kahawia kama shomoro. Utampita na usimjue. Ndege wengi wa pwani hutaga mvua zikiwepo, majani yakiwa marefu na wadudu tele.

Kati ya pointi na mistari, kwenye kichaka kizito chukua pointi, maana huko unategemea sikio. Kwenye minazi iliyoachana, mstari unakwenda haraka zaidi. Ila zote mbili zinakwambia nani yupo, hazikwambii nani anazaa. Chozi anayenyonya maua kwako anaweza kuwa na kiota ng'ambo ya barabara. Angalau aandike dalili: aliyebeba nyasi, aliye na mdudu mdomoni ambaye hammezi. Huyo anapeleka mahali.

Fundi_Hesabu
Naongezea kuhusu njia ya tatu, maana wengi wanaifanya halafu wanaiharibu kwenye hesabu. Tuseme umepata viota 6 vya shorewanda, 2 vikaliwa. Utaandika 4 kati ya 6, asilimia 67 vimefaulu. Si kweli, kwa sababu vilivyoliwa kabla hujafika hukuvihesabu kabisa.

Mtafiti wa ndege Harold Mayfield alilitatua hili mwaka 1961. Jumlisha siku zote ambazo viota vilikuwa hai machoni pako, tuseme 60. Vimekufa 2, kwa hiyo uwezekano wa kiota kuvuka siku moja ni 58/60, yaani 0.967. Shorewanda anahitaji kama siku 26 kutoka kutaga mpaka kuruka. Izidishe namba hiyo kwa yenyewe mara 26, unapata 0.41. Kutoka 67 umeshuka hadi 41! Mshauri akikuletea ile hesabu ya 67, mrudishie.

Mzee_wa_Minazi
Vijana, mnahesabu vizuri lakini mmemsahau kunguru. Kwangu Kigamboni walijenga nyumba jirani, miembe wakaiacha yote, tukashukuru. Dudumizi aliondoka mapema, kwa kuwa yeye hutaga chini kwenye kichaka, na kichaka ndicho katapila huanza nacho. Tetere walibaki. Kisha watu wakahamia, taka zikarundikwa kwenye kona, kunguru wakaja. Siku moja nilimtazama mmoja akitoa makinda ya tetere kiotani, moja moja, mama yao yuko tawi la pili. Huyu kunguru aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ale taka, na kazi hiyo hajaiacha. Ukikagua kabla ya ujenzi tu, yeye hayumo kwenye ripoti yako.

DadaDarubini
Shikamoo mzee, hapo umenena. Na hiyo ndiyo hatari ya kusaka viota: kunguru anamtazama binadamu anakokwenda. Akiwepo karibu, usikisogelee kiota. Usikanyage njia inayoishia kiotani, pita moja kwa moja kama una safari zako. Cha juu kidogo tumia kioo kwenye fito.

Nai_Mgunga
Huku Nairobi marabou, wale korongo wakubwa wala taka, wanataga juu ya migunga kando ya Mombasa Road, honi na moshi chini yao. Ukipima kwa hao utasema ujenzi hausumbui ndege. Kwa hivyo chagueni ndege wa matete na wa kichaka, siyo wale wanaopenda jaa. Na usitegemee ramani za ndege za mtandaoni peke yake: kwa mfano huku kwetu, mraba mmoja wa Kenya Bird Map una karibu kilomita 9 kila upande, ekari 9 kama zako zingepotelea humo. Pia hesabuni kiwanja cha jirani ambacho hakijengwi, siku zile zile. Mvua ikikosa, ndege watapungua kote na nyinyi mtalaumiwa bure.

Fundi_Hesabu
Na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto zisizojengwa? Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo, matete yako mengi huenda hayajengeki hata hivyo.

Kiwanja_Bunju
Nimepima leo kwa kamba. Matete karibu yote yamo ndani ya mita 60, kwa hiyo bosi amelegea: alikuwa anagombea ardhi ambayo si ya kujengwa. Tumekubaliana mistari juu kwenye minazi, mara mbili, na kusaka viota kwenye kichaka tu wakati wa mvua, pamoja na shamba la jirani. Katapila itasubiri makinda yaruke. Gharama ipo katikati ya njia ya pili na ya tatu. Mzee, nimeomba kizimba cha taka chenye mfuniko kiwekwe kwenye ramani. Wamecheka ila wamekichora.

Mnazi wa mnana nimeuzungushia utepe. Fundi mmoja kaniuliza umenunuliwa na nani.